Chicago ya Watu Weusi kwa Reli na Basi

Mtu atakaye kuijua tarikhi ya watu weusi wa Chicago anaweza kukodi gari, akapitishwa upesi kutoka jengo hadi jengo, akashuka, akapiga picha na kupanda tena. Lakini mimi, nilipokuwa mgeni wa sahibu yangu mmoja, mtu wa Tanga aliyelowea katika mji huo kwa kazi ya uuguzi, niliona kwamba ziara ya namna hiyo ingeninyima nusu ya habari yenyewe. Kwani tarikhi hiyo ililetwa mjini na gari la moshi, ikaenezwa na watumishi wa gari la moshi, ikafikishwa mahakamani kwa ajili ya kiti cha gari la moshi, na warithi wake hata leo huamka alfajiri wakaenda makazini kwa reli na kwa basi, hivyo kwamba aketiye kando yao amekwisha kuingia katika kile alichokuja kukizuru. Basi nikajaza fedha katika kadi ya nauli iitwayo Ventra, nikafunga vifungo vya koti hadi kooni, maana ulikuwa mwezi wa Februari na upepo wa ziwa Michigan ulikuwa mkali, nikatoka.

Nilianza pale walipoanzia wao. Upande wa kusini wa bustani ya Grant, Michigan Avenue inapokutana na Roosevelt Road, palikuwa na stesheni kuu ya reli ya Illinois Central, jengo lenye mnara wa saa lililofunguliwa mwaka 1893 na kubomolewa mwaka 1974. Leo msafiri haoni hapo ila majumba marefu ya makazi, nyasi zilizonyauka kwa baridi, na chini yake njia za reli ambazo magari ya umeme ya abiria yangali yakipita. Lakini kati ya miaka ya vita kuu vya kwanza na mwaka 1970 watu weusi wapatao milioni 6 waliyahama majimbo ya kusini ya Marekani, wakikimbia kunyongwa bila hukumu, kunyimwa kura, na kilimo cha kugawana mavuno ambacho kilimwacha mkulima na deni kila mwaka; na wengi wa wale waliotoka Mississippi, Louisiana na Arkansas waliifuata reli hii moja hadi mwisho wake, wakateremka mahali hapa. Mwaka 1910 watu weusi wa Chicago walikuwa 44,103. Miaka 10 baadaye walikuwa 109,458. Na kufikia mwaka 1930 walikwisha kupita 230,000. Nilisimama pale kitambo, nikijaribu kuwaza wingi wa nyayo zilizokanyaga ardhi ile, kisha nikapanda basi nambari 3, liendalo kusini kwa njia ya King Drive.

Ndani ya basi nilipewa nafasi na bibi mmoja mtu mzima, mwenye kofia ya sufu na mkoba wa kitambaa mapajani. Aliniuliza nimetoka wapi, nami nilipomwambia kuwa ni mtu wa pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba lugha yangu ni Kiswahili, uso wake ulikunjuka. Akainua kidole kimoja kimoja na kuzitaja kwa utaratibu zile Nguzo Saba za Kwanzaa, sikukuu iliyoasisiwa na Maulana Karenga mwaka 1966: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba, Imani. Alisema kuwa wajukuu zake huzikariri kila Desemba mbele ya mishumaa. Nikamwamkia kwa taadhima kama inavyomstahiki mkubwa, nikamwita mama, naye akaniita mwanangu, na tangu hapo mazungumzo yetu hayakuwa ya watu wasiojuana. Mama yake mzazi, alinieleza, alifika kutoka Mississippi akiwa binti mdogo, amepakata kasha la viatu lililotiwa kuku wa kukaanga na mkate, kwa sababu aghalabu abiria weusi hawakuruhusiwa kula katika behewa la chakula pamoja na wazungu, na mama mwenye akili hakumwacha mwanawe asafiri siku nzima kwa kutegemea hisani ya watu.

Yeye ndiye aliyenigonga bega niteremke kwenye mtaa wa 26, ambapo katikati ya njia imesimama sanamu ya Alison Saar iliyowekwa katika miaka ya 1990 kwa ukumbusho wa uhamaji ule. Ni mwanamume wa shaba, amechukua sanduku la safari lililochakaa, mkono mmoja ameuinua, na uso wake ameuelekeza kaskazini. Kwa mbali suti yake yafanana na ngozi ya samaki mwenye magamba. Nilipokaribia niliona kwamba kila gamba ni soli ya kiatu, soli zilizolika kwa mwendo, zimeshonwa mwili mzima kutoka kola hadi pindo la suruali, na hata kichuguu alichosimama juu yake ni rundo la soli hizo hizo. Nimeona sanamu nyingi za majemadari juu ya farasi katika miji ya watu, na sikumbuki hata moja iliyonishika moyo namna hii, kwa kuwa huyu hana jina, hana upanga, hana farasi. Alichovaa ni njia aliyoijia. Magari yalipita pande zote mbili, na watu waliosubiri basi ng'ambo hawakumtazama, kama jirani asivyotazamwa.

Basi jingine la njia ile ile lilinifikisha mtaa wa 35, kwenye nguzo ya ukumbusho wa kikosi cha nane cha Illinois, askari weusi waliopigana Ufaransa katika vita kuu vya kwanza. Na hatua chache kusini yake, nambari 3624, ni nyumba ya mawe aliyokaa Ida B. Wells tangu mwaka 1919. Hapa lazima niseme habari za behewa. Septemba 1883, akiwa mwalimu kijana katika Tennessee, bibi huyu alikata tiketi ya daraja la kwanza, akaketi katika behewa la mabibi. Mkata tiketi akamwamuru aondoke akakae katika behewa jingine pamoja na wavuta tumbaku, akakataa. Aliposhikwa mkono ili avutwe, alimng'ata yule mtu, hata wakaja wanaume wengine wakamtoa kwa nguvu, huku baadhi ya abiria wakishangilia. Aliishtaki kampuni ya reli, mahakama ikampa fidia ya dola 500, kisha Mahakama Kuu ya jimbo ikaibatilisha hukumu hiyo mwaka 1887. Mtu mwingine angalinyamaza baada ya idhilali kama ile. Yeye ndipo alipoanza kuandika, na maandishi yake yakaja kuwa ushahidi mkubwa kuliko wote wa zama zile juu ya watu waliouawa na makundi ya wazungu bila kesi wala hoja.

Alipofika Chicago mwaka 1893 mji ulikuwa katika shamrashamra za Maonyesho ya Dunia, ambayo yaliwabagua watu weusi wa Marekani, ikawa Frederick Douglass mwenyewe, mzee aliyezaliwa utumwani, anapokea wageni katika banda la Haiti kwa kuwa nchi yake haikumpa mahali. Wells akishirikiana na Douglass alichapisha kijitabu cha kueleza sababu ya watu wao kutokuwamo, na nakala zipatazo 10,000 zikagawiwa humo humo ndani ya maonyesho. Leo kwenye Langley Avenue karibu na mtaa wa 37, palipokuwa na majumba ya umma yaliyoitwa kwa jina lake kabla ya kubomolewa, pamesimama mnara wake uliozinduliwa tarehe 30 Juni 2021: nguzo tatu za shaba zilizobeba juu yake umbo lililosokoteka kwenda mbinguni, kazi ya Richard Hunt, mchongaji aliyezaliwa upande huu huu wa kusini wa mji.

Siku nyingine niliifuata reli ya juu. Green Line, kwa upande wake wa kusini, ni reli ya juu ya zamani kupita zote za mji huo, iliyofunguliwa Juni 1892 na kurefushwa mwaka uliofuata hadi bustani ya Jackson ili iwachukue watu kwenda katika yale maonyesho niliyoyataja. Wajenzi wake, ili waepukane na taabu ya kuomba ruhusa za barabara kuu, waliipitisha juu ya vichochoro vya nyuma ya majumba, na kwa sababu hiyo abiria wa leo huiona Bronzeville, ujirani wa kale wa watu weusi, kwa nyuma: roshani za mbao zenye ngazi za kupindapinda, baiskeli ya mtoto iliyofungwa mnyororo, mapipa ya taka, viwanja vitupu vilivyoachwa na majumba yaliyobomolewa, kisha ghafla nyumba ya mawe ya fahari iliyobaki peke yake. Mji ukiutazama kwa mbele unakuonyesha vile upendavyo kuonekana. Kwa nyuma unaona jinsi watu wanavyoishi, na mimi nilishukuru kwa ubahili ule wa wajenzi wa reli.

Nilishuka kituo cha Indiana, nikatembea hadi pembe ya Wabash na mtaa wa 38, kwenye jengo la matofali la iliyokuwa YMCA ya watu weusi. Msomaji akinitaka nimchagulie mahali pamoja tu pa kuzuru Februari, nitamwambia ni hapa, wala si katika jumba la makumbusho. Maana katika jengo hili, tarehe 9 Septemba 1915, Carter G. Woodson, mwana wa watu waliokuwa watumwa, aliyefanya kazi migodini katika ujana wake na hatimaye kupata shahada ya udaktari ya Harvard mwaka 1912, alikutana na wenzake wachache wakaanzisha jumuiya ya kuchunguza maisha na tarikhi ya watu weusi. Kutoka katika jumuiya hiyo, mwaka 1926, likatoka Juma la Tarikhi ya Watu Weusi, alilolipanga katika Februari kwa kuwa Lincoln na Douglass wote wawili walikumbukwa kwa kuzaliwa katika mwezi huo. Na juma hilo, baada ya nusu karne, likawa mwezi mzima unaoadhimishwa leo na serikali, shule na makanisa. Woodson alikuwa mpangaji wa chumba tu humu. Na hata sasa jengo limegeuzwa makazi ya watu wa kipato kidogo, na nilipokuwa nikilitazama alitoka mzee mmoja na mfuko wa nguo za kufua, akanisalimu, akaenda zake.

Kwa mwendo mfupi kutoka hapo, katika Michigan Avenue, ni South Side Community Art Center, nyumba ya tajiri wa nafaka iliyonunuliwa na wasanii weusi na kufunguliwa mwaka 1940, ikazinduliwa na Eleanor Roosevelt Mei 1941. Fedha za kuinunulia zilichangwa kwa senti kumi kumi barabarani, na miongoni mwa waliosimama wakizichanga alikuwamo msichana mwalimu, Margaret Burroughs. Gordon Parks, aliyekuja kuwa mpiga picha wa sifa kubwa, alikuwa na chumba chake cha kusafishia picha katika ghorofa ya chini. Ng'ambo ya barabara, nambari 3806, ni jumba jingine lililokuwa klabu ya wafanyakazi weusi wa reli. Huyo huyo Margaret na mumewe Charles walilinunua, na mwaka 1961 wakafungua sebuleni mwao makumbusho ya mambo ya watu weusi. Makumbusho hayo yalikua hata hayakutosha humo, yakahamia mwaka 1973 katika bustani ya Washington, na sasa yana jina la DuSable, mtu mweusi aliyekuwa mkazi wa kwanza wa kudumu wa mji huu miongoni mwa waliotoka nje. Nilikwenda huko pia kwa basi nambari 55 kutoka kituo cha Garfield, na ni mahali pa kujifunza mengi. Lakini moyo wangu ulibaki pale sebuleni, kwa watu waliokuwa na vitanda ghorofani na tarikhi ya taifa zima chini.

Kabla ya kuondoka katika ujirani huo nilikwenda State Street, karibu na mtaa wa 40, kwenye kanisa la Roberts Temple. Ni jengo la matofali lisilo na madaha, na reli ya juu hupita jirani nalo. Emmett Till, mtoto wa miaka 14, alipandishwa na mama yake katika gari la moshi kwenye stesheni ya mtaa wa 63 tarehe 20 Agosti 1955, kwenda kuwatazama jamaa zake Mississippi. Usiku wa tarehe 28 watu wazima wawili wakamchukua kitandani, wakamtesa, wakamwua, wakamtupa mtoni, kwa kusingiziwa kuwa amemvunjia heshima mwanamke wa kizungu. Alirejea kwa reli, sandukuni, katika stesheni ile ile ya Illinois Central ambako nilianzia safari yangu. Mama yake, Mamie Till, akaamuru sanduku lifunguliwe, na akataka liachwe wazi kanisani ili ulimwengu uone walichomfanyia mwanawe. Watu kwa makumi ya maelfu walipita mbele yake. Gazeti la Jet, lililochapishwa papa hapa Chicago, likazichapa picha. Na wahalifu, baada ya kuachiliwa na baraza la wazungu watupu, wakakiri kwa malipo katika gazeti jingine. Richard Hunt, yule mchongaji wa mnara wa Ida B. Wells, alikuwa kijana wa miaka 19 katika safu ya waliopita, na muda si mrefu baadaye aliunda kichwa cha chuma kilichoharibiwa, moja ya kazi zake za mwanzo. Tangu Julai 2023 kanisa hili ni sehemu ya ukumbusho wa taifa. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikavua kofia, baridi ikanipata masikioni, wala sikuona haja ya kuivaa mpaka nilipomaliza dua.

Iliyobaki ilikuwa habari ya wale watumishi wa gari la moshi niliowataja mwanzo. Nilikata tiketi yangu mbali, kwa kuwa kadi ya siku ya mabasi haifai huko, nikapanda gari la Metra Electric, lipitalo katika njia za Illinois Central, hadi mtaa wa 111, mahali paitwapo Pullman. Mji huu ulijengwa tangu mwaka 1880 na George Pullman, mwenye kiwanda cha mabehewa ya kulala, kwa ajili ya wafanyakazi wake. Safu za nyumba za matofali mekundu zingali nzuri, na jengo la mnara wa saa limekuwa tangu mwaka 2021 mahali pa kupokelea wageni wa hifadhi ya taifa. Lakini watumishi weusi wa mabehewa, ambao wa kwanza wao walikuwa watu waliotoka utumwani punde tu, hawakuwa na nyumba katika mji huu uliopewa jina la bwana wao. Waliajiriwa watandike vitanda, wang'arishe viatu usiku kucha, wachukue mizigo. Wasafiri wakawaita wote "George", kana kwamba mtu hana jina ila la mwajiri. Ujira wao ulihesabiwa kwa saa 400 za mwezi au maili 11,000.

Pamoja na hayo watu hawa ndio waliokuwa mishipa ya damu ya umma wao. Robert Abbott, aliyeanzisha gazeti la Chicago Defender mwaka 1905 kwa senti 25 katika jiko la mwenye nyumba wake, aliwapa matita ya gazeti wakayachukua kusini kwa siri, wakayatupa kando ya reli kabla ya kufika mjini, yakaokotwa, yakasomwa kwa sauti vinyozini na makanisani. Na ndani yake mlikuwa na nafasi za kazi, ratiba ya treni, na habari za kunyongwa zisizoandikwa na gazeti la kule. Mwaka 1925 wakaunda chama chao chini ya A. Philip Randolph, na Milton Webster akakisimamisha hapa Chicago. Wakafukuzwa kazi, wakapelelezwa, wakavumilia miaka 12 kamili, mpaka tarehe 25 Agosti 1937 kampuni ikatia saini mkataba uliowashushia kazi hadi saa 240 kwa mwezi. Na mwaka 1955, Rosa Parks alipokamatwa katika basi la Montgomery, aliyekwenda kumdhamini alikuwa E. D. Nixon, mtumishi wa Pullman. Makumbusho yao, yenye jina la Randolph, yaliyoanzishwa na Lyn Hughes mwaka 1995, yamo katika nyumba ya matofali upande wa kaskazini wa mji huo. Niliyaona kwa nje, nikaona kibao chake kimesimama wima katika theluji.

Kutoka Pullman nilirudi kwa basi hadi kituo cha mtaa wa 95, mwisho wa Red Line. Mtu asikipite kituo hiki kwa haraka. Ukutani kuna kazi ya Theaster Gates, msanii wa mji huu, mfano wa mazulia makubwa ya kutundika. Nilisogea nikagusa kwa macho, nikatambua kuwa si uzi, bali ni mipira ya zimamoto iliyostaafishwa, imekatwa vipande virefu na kupangwa mshono kwa mshono. Mipira ya namna hiyo ndiyo iliyofunguliwa maji kwa nguvu dhidi ya watoto wa Birmingham walioandamana kudai haki mwaka 1963. Sasa imetundikwa juu ya vichwa vya wauguzi, walinzi na wanafunzi wanaobadilisha gari, na katika kituo hicho hicho msanii ametenga kibanda cha wapiga santuri.

Reli yakomea hapo tangu mwaka 1969. Wakazi wa kusini zaidi, hata wale wa Altgeld Gardens kwenye mtaa wa 130, majumba yaliyojengwa wakati wa vita kuu vya pili kwa wafanyakazi weusi wa viwanda, bado hupanda basi kwanza ndipo waifikie, ingawa ahadi ya kuirefusha ni ya zaidi ya miaka 50, na mpango wake, maili zipatazo 5.5 na vituo 4, umekwisha kuchorwa. Dereva wa basi lililonileta, aliyekuwa akinywa kahawa akingoja zamu, alinionyesha kwa kidole upande ambao reli itapita itakapojengwa, na akanitajia vituo vile vinne kwa mpango wake: 103, 111, Michigan, 130.